Mvua Isiyoonekana Pichani

"Inspekta, mimi nina macho," alisema Mkuu wa Upelelezi, akaisukuma picha juu ya meza kama mtu anayerudisha chakula kilichochacha. "Usiku ule mvua ilinyesha mpaka mitaro ikatapika. Hebu nionyeshe tone moja hapa. Moja tu, nikupigie saluti."

Inspekta hakuwa na tone la kumwonyesha. Picha ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Majengo marefu ya katikati ya jiji yamesimama bega kwa bega, baadhi yamewaka taa, mawingu yameinama juu yake yakiwa na rangi ya chungwa. Mashariki yote giza tupu. Juu ya mapaa mkono wa kreni umenyooka, nchani una kitaa chekundu. Mvua huipati hata kwa dawa.

"La pili," Mkuu aliendelea. "Tripodi ya huyo binti, ile miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kamera, tumeikuta dukani kwa mjomba wake imejaa damu ya mjomba wake. Kama tripodi ilikuwa dukani, yeye huko juu ya paa kamera aliisimamisha juu ya nini? Juu ya mawingu?"

"Anasema upepo ulikuwa mkali, tripodi ingekuwa mzigo tu."

"Anasema!" Mkuu alicheka kwa puani. "Saa ya kamera hata mtoto wa shule anaibadilisha. Hiyo ni picha ya zamani, imetolewa kabatini ije kumwokoa mwenyewe. Wiki ijayo binti anasimama mbele ya hakimu, na mimi sitaki kuchekwa."

"Nipe mvua moja, Mkuu."

"Nini?"

"Mvua moja ya usiku. Nimpeleke kwenye paa lile lile, apige picha mbele ya macho yangu. Akishindwa, jalada la mashtaka nitaliandika mwenyewe."

Mkuu alijua vizuri kwamba mama huyu mfupi akishang'ang'ania jambo hang'oki. "Mvua haiko chini ya mamlaka yangu," alisema mwishowe. "Ikinyesha, mchukue. Na pingu zake."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomtia Inspekta mashaka. Asubuhi baada ya tufani, askari wa doria aliukuta mlango wa studio moja ya picha, upande wa mashariki wa jiji, ukiwa wazi. Ndani, mwenye studio, mzee mmoja mpole aliyepiga picha za harusi za nusu ya mtaa, alikuwa amelala nyuma ya kaunta, kichwa kimepasuka. Hakufa. Alikuwa hospitalini, hajitambui, na madaktari hawakuahidi kitu.

Kufuli halikuvunjwa. Funguo walikuwa nazo watu watatu: mzee mwenyewe, mpwa wake, yaani binti wa dada yake, mpigapicha aliyeitwa Popo kwa sababu kazi yake huanza wenzake wakitandika vitanda, na mshirika wa kibiashara wa mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tai, maana hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata jua la mchana likichoma vipi.

Aliyemzamisha Popo ni fundi cherehani wa duka la jirani. Alasiri ile alimsikia mzee akimfokea mpwa wake: "Utaniua wewe!" Kisha usiku, tufani ilipokata umeme katikati ya jiji na mashariki yote, fundi huyo alikuwa akipapasa gizani kutafuta mshumaa aliposikia kishindo upande wa pili wa ukuta. Akadhani ni dirisha limebamizwa na upepo. Baada ya kama nusu saa umeme ukarudi, akafunga duka, akaenda zake.

Bwana Tai naye alikuja kituoni kwa hiari yake, akaandikisha maelezo bila kutetereka. Aliondoka studio kabla ya adhuhuri, hakurudi tena. Usiku alikuwa ofisini kwake katika lile jengo la vioo katikati ya jiji, ghorofa ya tisa, ambayo ameipanga nzima. Umeme ulipokatika jenereta la jengo likawaka, naye hakuinuka hata kitini. Akatia sahihi, akamtakia mzee uponyaji, akaondoka.

Jambo moja tu Inspekta alilifunga moyoni tangu siku ya kwanza: silaha. Magazeti yaliambiwa ni "kitu kizito", na zaidi ya hapo hakuna raia aliyeambiwa kitu.

Alishuka mahabusu pamoja na Sajini wake, mtu wa kimo na tumbo, ambaye hucheka haraka kuliko anavyoandika. Popo alikuwa amekaa sakafuni, magoti yamekumbatiwa. Mwembamba, lakini sauti yake nzito.

"Ugomvi wa alasiri ulihusu nini?" aliuliza Inspekta.

"Kamera, mama. Mjomba alisema nikiitoa kwenye mvua nitamuua kwa presha. 'Utaniua wewe!' Ndivyo anavyosema kila nikitoka. Muulizeni huyo fundi cherehani, mwaka huu peke yake nimeshamuua mara ngapi."

Sajini alikohoa, akageukia ukutani.

"Na tripodi ilikuwa wapi?"

"Kwa fundi wa kamera, mguu mmoja ulilegea. Aliirudisha jioni, giza linaingia, na mimi ndiyo nafunga mkoba niondoke. Mjomba akaipokea, akaiegemeza nyuma ya kaunta. Sikuichukua. Kwenye upepo kama ule inatetemeka kama mgonjwa wa homa, na picha yote inakuwa uji. Nilibeba mfuko wa mchele."

"Wa nini?"

"Unauweka juu ya ukingo wa paa, kamera unailaza juu yake, unaibonyeza mpaka ikae kama kuku anayeatamia. Hapo hata upepo ukivuma vipi haitikisiki."

"Huo mfuko uko wapi sasa?"

Popo aliinamisha kichwa. "Mama aliupika."

"Kielelezo kimeliwa, Afande," alisema Sajini kwa huzuni ya kweli.

"Na mvua?" Inspekta hakucheka. "Mkuu wangu anataka tone moja tu."

"Halipo, mama, na halitakiwi liwepo. Nilikuwa naacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu, kwa sababu ya giza. Jengo limesimama pale pale, linajiandika. Tone linapita mbio. Ni kama mtu akikatiza sebuleni anakimbia: wageni watamkumbuka aliyekaa, si aliyepita. Shida ya mvua si ile inayonyesha mbele, ni ile inayokaa kwenye kioo cha kamera. Hiyo ndiyo unapigana nayo."

Inspekta alisimama. "Basi utapigana nayo tukikuona."

Jioni hiyo hiyo walimtembelea fundi wa kamera. Alikumbuka vizuri: tripodi aliikabidhi mkononi mwa mzee, taa za barabarani zimeshawaka. Neno la Popo lilisimama kwa mguu mmoja. Ilibaki mingine.

Mvua nayo, kama iliyosikia kwamba inatafutwa, ikajificha. Sajini alitembea akitazama juu kama mkulima mwenye deni, akijikwaa kwenye ngazi za kituo. Siku ya tatu alasiri mawingu yakajikusanya, na saa moja usiku ilipofika matone yalikuwa yakipiga bati kama mtu anayedai mlango ufunguliwe.

Paa lilikuwa la jengo la maegesho ya magari, magharibi kabisa, ambako mlinzi hana desturi ya kupanda hata kukiwa kukavu. Kutoka hapo hadi studio ni jiji zima katikati. Walipanda kwa ngazi. Sajini alifika mlango wa juu, akaona upepo unavyolipeperusha koti la Inspekta, akashika bomba la maji kwa mikono miwili.

"Mimi nitalinda huku, Afande. Asije akatoroka kwa ngazi."

"Mfungue pingu kwanza."

Popo alijisugua vifundo vya mikono, akatazama huku na huku. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukataa mwavuli wa Inspekta. "Huo ni tanga, mama. Utaturusha wote." Akaenda nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo upepo unakatika, akachuchumaa. Kamera akaivika mfuko wa nailoni, akautoboa mbele, akaukaza kwa raba kuuzunguka mdomo wa lenzi. Kitambaa kikavu akakisokomeza kwapani, ndani ya koti. Kisha mfuko wa mchele, ambao safari hii Inspekta mwenyewe ndiye aliyeununua, ukapanda ukingoni, na kamera ikalazwa juu yake.

Jaribio la kwanza liliharibika. Madoa makubwa ya mwanga yalikuwa yametapakaa pichani kama nta ya mshumaa.

"Kioo," alisema Popo. Akafuta, akakinga lenzi kwa kiganja, akabonyeza, akaondoa kiganja. Jaribio la pili likawa na ukungu. La tatu upepo ulipiga chini ya mfuko wa nailoni ukapepea mbele ya lenzi. Sajini kule mlangoni alianza kutikisa kichwa. Maji yalikuwa yameshamwingia Inspekta viatuni na alikuwa amesimama kama nguzo, akimwangalia binti, si jiji.

Maana binti alikuwa hajali tena pingu wala mahakama. Alikuwa akisikiliza. Upepo ulivuma, ukavuma, kisha ukashusha pumzi, na katika pumzi ile Popo alifuta kioo kwa mkupuo mmoja, akakinga, akabonyeza, akaufungua mkono. Mvua ilikuwa ikiwapiga migongoni, ikiteremka shingoni, ikipasuka juu ya ukingo mpaka ikawarukia machoni. Kisha kamera ikalia *klak*.

"Njooni muone," alisema Popo.

Inspekta aliinama juu ya kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Jiji lilikuwa pale, limesimama, kavu kama limetoka kupigwa pasi. Madirisha yanahesabika. Mawingu ya rangi ya chungwa. Na mvua iliyokuwa ikiwalowesha hadi mifupa, hata tone.

"Sajini!" alipaza sauti. "Njoo huku!"

"Afande, hapa—"

"Njoo utambae ukitaka, lakini njoo!"

Sajini alikuja, nusu akitembea nusu akitambaa. Akatazama kioo cha kamera, akatazama mvua, akatazama kioo tena. "Haki ya nani," alisema. "Tumelowa bure."

Inspekta alicheka kwa sauti, akampiga Popo begani. Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kuonyesha kwamba picha inawezekana si kuonyesha kwamba ilipigwa usiku ule. Wakarudi ngazini, penye taa, Inspekta akaitoa picha ya usiku wa tufani ndani ya bahasha ya nailoni, akaiweka kando ya ile mpya.

"Ni kama ule mchezo wa magazetini," alisema Sajini, ambaye ukuta ulikuwa umemrudishia uhai. "Tafuta tofauti. Mimi nimeshaiona moja, mashariki kuna taa leo."

"Hiyo ni umeme. Endelea."

"Na kreni. Ya leo mkono wake uko kushoto. Ya tufani uko kulia."

Inspekta alisogeza picha karibu na taa. Ni kweli. Leo mkono wa kreni ulielekea kaskazini. Kwenye picha ya tufani ulielekea kusini. "Popo, wewe unajua kwa nini?"

"Hata sikuuona, mama. Mimi natazama mwanga."

Inspekta alipiga simu mbili tatu mpaka akampata msimamizi wa ujenzi, ambaye sauti yake ilijaa tonge.

"Kreni yenu mnaifungaje usiku?"

"Hatuifungi. Ukiifunga, upepo utaiangusha. Tunauachia mkono uzunguke wenyewe, ufuate upepo unakokwenda. Kama bendera tu."

"Na mliisimamisha lini?"

"Wiki ile ya tufani, mwanzoni. Kabla ya hapo palikuwa na shimo."

Asubuhi Idara ya Hali ya Hewa ilimaliza lililobaki. Tangu kreni isimame, upepo umekuwa ukitoka kusini kila usiku, isipokuwa usiku mmoja. Tufani ndiyo iliyoshuka kutoka kaskazini, ikapita, upepo ukarudi kwao. Na katika usiku huo umeme ulikatika mara moja tu, kwa nusu saa, nusu saa ile ile ya kishindo cha ukutani. Picha haikuwa ya kabatini. Ilizaliwa usiku ule, gizani mle, na aliyeipiga alikuwa upande wa pili wa jiji.

Lakini Inspekta alikuwa ameona tofauti ya tatu kule ngazini, akanyamaza nayo. Akamwita Bwana Tai kituoni, kwa adabu zote, "kwa kukamilisha maelezo".

Alikuja na tai ya bluu yenye mistari. Akakataa chai.

"Ni jambo dogo tu, Bwana," alisema Inspekta. "Umeme ulipokatika, wewe ulikuwa ofisini."

"Nilishaeleza."

"Gizani?"

"Gizani kwa nini? Jenereta liliwaka papo hapo."

"Taa zako zote?"

"Ghorofa nzima. Mimi sipendi kufanya kazi kwenye kivuli. Hata nilisimama dirishani nikaona mashariki kote kumezima, nikamwonea huruma mzee wangu."

"Hukuzizima hata kidogo? Labda ulipumzisha macho?"

"Mama, ningezizima ningekuambia nilizizima."

Sajini aliyaandika hayo polepole, kwa mwandiko wake wa duara, akamsomea, na Bwana Tai akatia sahihi. Ndipo Inspekta akaiweka picha mezani. Jengo la vioo lilikuwa limewaka kuanzia chini hadi juu kama keki ya sherehe, isipokuwa mstari mmoja mweusi uliolizunguka kiunoni mfano wa mkanda.

"Hesabu na mimi," alisema Inspekta. Kidole chake kikapanda taratibu, ghorofa kwa ghorofa, kikasimama kwenye mkanda. "Tisa."

Bwana Tai hakuitazama picha zaidi ya kitambo kidogo. "Hiyo ni ya uongo. Kila mtu anajua yule msichana anachezea picha."

"Tumeshathibitisha ni ya usiku ule. Upepo wenyewe umetutolea ushahidi."

"Haiwezekani!" Sauti ilipanda. "Kwa upepo ule angeishikilia kamera na nini? Na meno? Tripodi yake ilikuwa nyuma ya kaunta!"

Kalamu ya Sajini ikasimama.

"Nani aliyekuambia ilikuwa nyuma ya kaunta?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Niliiona. Mchana ule, kabla sijaondoka."

"Mchana ule ilikuwa kwa fundi, inafungwa mguu. Ilirudi jioni, taa za barabarani zimewaka. Mzee aliipokea, Popo akaiacha. Baada ya hapo mtu mmoja tu ndiye aliyeikuta pale nyuma ya kaunta, akaiinua." Inspekta alivuta kiti karibu. "Mbio za sakafuni, Bwana, zimefika ukingoni. Mzee alikataa kuuza jengo lake la zamani lipishe ghorofa mnazotaka kujenga; barua zako za kutaka kulinunua tumezikuta dukani. Umeme ulikatika ukiwa pale pale unambembeleza, au ulikatika kwanza ukaona mwanya?"

Bwana Tai alipeleka mkono shingoni, akalegeza fundo la tai. Ndiyo mara ya kwanza kwa mtu yeyote wa mtaa ule kuliona koo lake.

"Nataka wakili," alisema.

"Utampata. Sajini, mpeleke bwana huyu kule chini. Na yule binti mpandishe."

Habari kituoni haina miguu lakini hukimbia. Popo alipofika mapokezi kurudishiwa mkanda wake, viatu vyake na kamera, askari wa zamu zote mbili walikuwa wamejazana pale wakijifanya wana kazi. Mkuu wa Upelelezi alitoka ofisini, akamkuta Inspekta uso kwa uso. Akakohoa. Kisha akanyoosha mgongo, akabana visigino, akampigia saluti, moja, kavu, ya ukweli. Sajini alisimulia saluti hiyo kwa miaka.

Mlango ukasukumwa. Aliingia mama yake Popo, khanga imeteremka begani, viatu vimeloa tope, anahema. Watu walidhani amekuja kulia, kama alivyokuwa akilia kila siku kwenye benchi lile.

"Kaka yangu amefumbua macho!" alipiga kelele. "Ameomba chai! Halafu akauliza nani ameishika kamera!"

Akamwona mwanawe amesimama bila pingu. Kigelegele alichokipiga kilivuka ukuta wa kituo, kikawaleta mahabusu madirishani, na Mkuu, ambaye amebandika matangazo matatu ya kukataza kelele, akatazama dari.

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Popo alimkumbatia mama yake mpaka wakayumba. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaichungulia kamera, akaitazama ile taa ya kibarazani inayomwagika juu ya ngazi.

"Inspekta, simameni pale chini ya taa. Wote. Dakika moja tu. Sajini, usivute tumbo, litaonekana limevutwa."

Walisimama. Mama Popo aliwekwa mbele, anacheka na kulia. Inspekta, aliyechukia kupigwa picha kuliko alivyochukia wezi, alijaribu kujificha nyuma ya nguzo, na Sajini akamvuta kwa kiwiko. Katika dakika ya mwisho kabisa Mkuu aliteremka ngazi mbio, akatengeneza kofia, akajipenyeza katikati.

Picha hiyo imetundikwa mapokezi mpaka leo, ndani ya fremu aliyoileta mzee wa studio mwenyewe. Wageni wakiitazama humwona yule mkubwa wa katikati, kifua mbele, wakasema kweli huyu ni mpelelezi. Inspekta huwa anapita nyuma yao na kikombe chake cha chai, anawaacha waseme.